Mtoto Njiti Ana Tarehe Mbili za Kuzaliwa

Binti yetu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 29, yaani wiki 11 kabla ya siku yake. Alipotimiza miezi sita, jamaa walianza kuuliza kwa nini hata shingo haijakaza sawasawa, nami nikawa namlinganisha kimyakimya na kila mtoto niliyemwona amebebwa. Mtaalamu wa fiziotherapia aliichukua kadi ya kliniki, akaandika pembeni tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, akaniambia nihesabu kuanzia hapo. Kwa hesabu hiyo, mtoto alikuwa na miezi mitatu na nusu tu. Umri huu uliorekebishwa ndio unaotumika kupima ukuaji wake hadi afikishe miaka 2, ila chanjo hufuata tarehe halisi ya kuzaliwa, jambo ambalo nusura nilichanganye.

Kisha alimlaza chali mkekani, akiwa macho na ametulia, bila chuchu bandia wala kitu cha kuchezea, akamrekodi kwa dakika chache. Nilidhani anapoteza muda, kumbe alikuwa akitafuta misogeo midogo, laini na ya mfululizo ya shingo, kiwiliwili, viganja na vifundo vya miguu, ambayo huonekana kati ya takriban wiki ya 9 na ya 20 baada ya tarehe iliyotarajiwa. Ikikosekana, ni mojawapo ya dalili za mapema za mtindio wa ubongo (tatizo la ubongo linaloathiri misogeo na mkao wa mwili), ingawa haitoshi peke yake, bali huunganishwa na uchunguzi wa mishipa ya fahamu na picha za ubongo. Ndiyo maana silipendi jibu la “tusubiri kwanza, atakuja tu”, kwa kuwa ubongo wa mtoto hujifunza kwa kasi zaidi katika miezi hiyo hiyo tunayoambiwa tusubiri.

Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, ulizeni ni nani atakayemfuatilia mtoto, na macho na masikio yatapimwa lini, kwani retina ya njiti, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huweza kuharibika bila dalili ya nje.

Mama naye aangaliwe. Mke wangu alikuwa akiamka usiku kusikiliza kama mtoto anapumua, hata miezi mingi baada ya mashine kuondolewa, na hakuna aliyemuuliza habari zake hadi siku ile ya mkekani. Alilia kwanza, ndipo akajibu.