Maswali na majibu: Gari la ajali, ulinunue au uliache?

Nimeoneshwa IST iliyogongwa mbele, iko Dar, wanataka milioni 7. Fundi anasema kwa milioni 3 na nusu inasimama. Nichukue? (Msomaji, Nkuhungu)

Anza na bei ya gari zima. Tuseme IST kama hiyo, ambayo haijawahi kugongwa, hapa Dodoma inauzwa milioni 12. Yako ukimaliza kuinyoosha haitafika hapo, maana mnunuzi akiona alama za gereji lazima akate. Wahi kukata wewe, asilimia 20, ubaki na milioni 9.6. Makadirio ya fundi yaongezee robo, kwa kuwa ameliangalia gari likiwa halijafunguliwa, na nyuma ya bampa kuna kondensa ya AC, feni, rejeta na vishikio vya taa ambavyo havionekani ukiwa umesimama nje. Milioni 3.5 inakuwa karibu milioni 4.4. Brekidauni ya kulileta, kilomita zipatazo 450, pamoja na kubadili umiliki, tenga laki 8.

Toa hizo mbili kwenye milioni 9.6, inabaki milioni 4.4. Hiyo ndiyo bei yako ya juu kabisa. Milioni 7 mwachie mwenye haraka.

Weka bei za mtaani kwako, hesabu ni ileile. Kama mbele yote imekwenda, ulizia kwanza bei ya kipande kizima cha mbele kilichokatwa kwenye gari jingine, chenye taa, rejeta na boneti. Mara nyingi kinashuka chini ya kununua kimoja kimoja.

Nitajuaje kama chesisi imepinda, na mimi sina mashine? (Msomaji, Kibaigwa)

Kwanza jua unapima nini. Hilux na Prado zina chesisi yake chini, bodi imekalishwa juu. IST, Premio au Harrier hazina, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ndiyo maana kugongwa mbele kunaweza kuhamisha hadi mlango.

Tafuta sakafu ya zege, futi kamba ya chuma na mtu wa kukushikia. Nyoosha usukani. Pima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, kushoto kisha kulia. IST ya toleo la kwanza, ya 2002 hadi 2007, ni milimita 2,370. Pande zikitofautiana kwa milimita 10 au zaidi, kuna kitu kimesukumwa. Usikate tamaa hapo, pengine ni wishiboni tu, mkono wa chuma unaoshika tairi, imepinda, na wishiboni inabadilishwa.

Kinachoamua ni kipimo cha pili. Fungua boneti, upime msalaba: kutoka bolti ya shokapu ya kushoto hadi bolti ya kishikio cha taa ya kulia, halafu kinyume chake. Hakikisha ni bolti zinazolingana pande zote mbili. Tofauti ya milimita 3 inavumilika. Ikifika 10, bodi imekwenda upande. Kama una wasiwasi na bolti ulizochagua, pima na IST nzima. Mjini hapa haikosi kupita.

Kisha lala chini na tochi. Angalia mihimili miwili inayobeba injini: chuma kilichojikunja kama karatasi, au rangi iliyopasuka kwenye kona. Maungio ya kiwandani yana vidoti vya mviringo vilivyopangwa kwa nafasi moja. Ukikuta mstari mrefu wa kuchomelea, gari lilishakatwa zamani na hiyo ni ajali yake ya pili.

Fundi akisema atapasha mihimili kwa gesi hadi iwe nyekundu ndipo aivute, mzuie. Chuma kigumu cha magari ya sasa kikipashwa hivyo hupoteza nguvu. Siku nyingine kikigongwa kitakunjika mapema, na walio ndani ndio watakaoumia.

Eabegi zimefyatuka. Muuzaji anasema taa ya dashibodi imezimwa, hakuna tatizo. (Msomaji, Kondoa)

Tatizo ndilo hilo. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, taa ya SRS, yaani ya eabegi, inatakiwa iwake sekunde chache, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda wameing'oa. Na kuna wanaofunga rezista ndogo mahali pa eabegi ili kompyuta idhani ipo. Hapo taa itawaka na kuzima vizuri kabisa, kwa hiyo fungua kifuniko cha usukani ujionee.

Eabegi ikifyatuka, bei haiishii kwenye mfuko. Hesabu kompyuta yake, mikanda ya mbele ambayo huwa imejikaza, waya wa mviringo ndani ya usukani, na dashibodi iliyochanika. Kwa gari la bei ndogo, hapa ndipo hesabu nyingi zinapofia.

Rejeta ilipasuka, lakini injini inawaka vizuri. (Msomaji, Manyoni)

Swali ni dereva aliendesha umbali gani bila maji. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa kama chai ya maziwa, gasketi ya hedi imekwenda. Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote. Dodoma tuko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, hewa ni nyepesi, namba zitasoma chini ya zile za kitabu cha gari kwa karibu moja ya kumi. Hilo lisikutishe. Tazama silinda kwa silinda, tofauti isizidi bar 1. Ikizidi, hesabu kufungua hedi na kuipeleka ikachongwe.

Gari lilipinduka, likakaa kichwa chini usiku mzima. Tulipige stata? (Msomaji, Kongwa)

Hapana. Oili huenda imeingia ndani ya silinda, na oili haibonyei. Ukipiga stata koni rodi, mkono unaosukuma pistoni, inaweza kupinda. Toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono kwa spana, acha oili itoke, ongeza iliyopungua, ndipo uwashe. Nguzo za paa zikiwa zimepinda, usihangaike na injini. Inunue kwa bei ya spea.

Na karatasi? (Msomaji, Kizota)

Namba ya chesisi iliyochongwa kwenye bodi ifanane na ya kadi, na pembeni yake pasiwe na dalili ya kuchomelea. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Likiwepo jina la benki pembeni, mkopo bado upo. Gari likiuzwa na kampuni ya bima, dai barua ya mauzo. Ingiza pia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi mtandaoni uangalie madeni ya trafiki kabla hujatoa hata shilingi.