Mbunge Akifukuzwa Chamani, Kiti Ni cha Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, barazani kwetu Ngamiani tumebishana sana juu ya wabunge 21 wa chama cha Conservative cha Uingereza waliotolewa katika kundi la chama chao mwaka 2019, lakini wakabaki bungeni. Kwetu mbunge akifukuzwa chamani hupoteza na ubunge. Je, vyama vya wenzetu ni vilegevu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, si vilegevu hata kidogo. Tarehe 3 Septemba 2019 wabunge hao waliungana na upinzani kuiondolea Serikali mamlaka juu ya ratiba ya Bunge, ili nchi isijitoe katika Umoja wa Ulaya bila mkataba, na hoja ikapita kwa kura 328 dhidi ya 301. Adhabu haikuchelewa, wala haikumwacha Kenneth Clarke, aliyekuwa bungeni tangu mwaka 1970. Wasingeweza kunyang'anywa kiti, kwa kuwa sheria ya kule inakihesabu kuwa cha aliyechaguliwa. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, waliogombea bila chama, wakiwamo Dominic Grieve na David Gauke, walishindwa.

Kwetu, Ibara ya 71 ya Katiba inasema kuwa mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anakoma kuwa mbunge. Na kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi, hana mlango wa kurudia ila kupitishwa na chama kingine. Katiba haiadhibu kura yenyewe, tofauti na India, ambako tangu mwaka 1985 hata kupiga kura kinyume cha agizo la chama kunaweza kumwondoa mbunge. Lakini chama kikishaamua kufukuza, wapiga kura hawaulizwi kama mbunge wao aondoke.

Mfano ulio karibu ni wa David Kafulila, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kusini. Mwaka 2011 alifukuzwa na chama chake, NCCR-Mageuzi, akakimbilia Mahakama Kuu, na ni zuio la mahakama lililomwacha bungeni. Mbunge huyohuyo ndiye aliyelivalia njuga bungeni suala la fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu, mwaka 2014. Kila nikilikumbuka hilo naingiwa na hofu, kwa maana sauti ile ingeweza kuzimwa miaka mitatu kabla na kikao cha watu wachache ambao wananchi wa Kigoma Kusini hawakuwachagua.

Sisemi kwamba nidhamu haina kazi. Serikali ya kibunge isiyo na wabunge wa kuitegemea haiwezi kupitisha hata bajeti. Lakini ipo njia ya kuipata bila kufukuza: mwezi Julai 1993, Waziri Mkuu John Major aliposhindwa katika kura iliyohusu Mkataba wa Maastricht, uliounda Umoja wa Ulaya, aliifanya hoja hiyo kuwa ya imani kwa Serikali kesho yake, yaani ikishindwa uchaguzi uitishwe, na waasi wakarudi kundini kwa kuogopa uchaguzi. Hapo mwamuzi wa mwisho aliyeogopwa alikuwa mpiga kura.

Nyinyi wa Ngamiani mnaweza kuanza na jambo dogo. Hoja nyingi za Bunge letu huamuliwa kwa sauti za "ndiyo" na "siyo", zisizoonyesha nani kasema nini, ila bajeti ya Serikali hupigiwa kura kwa kuitwa majina, na majibu huandikwa katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Isomeni kila mwaka, kisha mbunge wenu akija mkutanoni mumwulize sababu ya kura yake.