Michoro ya UML iko 14, nianze na upi?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi najifunza kutengeneza programu, sasa tumeambiwa tuchore mfumo kwanza kabla ya kuandika kodi, nikafungua UML, ile lugha ya kuchora mifumo ya programu, nikakuta michoro 14! Lazima niijue yote?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hapana, na hiyo 14 isikutishe. UML ilipitishwa na OMG, shirika linaloweka viwango vya programu, mwaka 1997 baada ya Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson kuunganisha mbinu zao, na michoro yake 7 inaonyesha mfumo umejengwaje, 7 inaonyesha unafanyaje kazi. Wengi wetu tunatumia minne mitano tu.

Usianze na mchoro, anza na swali linalokusumbua. Unataka kujua nani atatumia mfumo na anataka nini? Chora yuzi keisi, vijitu (watumiaji) pembeni na mayai (wanachotaka kufanya) katikati, usikae nayo siku nzima. Data utaihifadhije? Hapo chukua mchoro wa ER wa Peter Chen wa 1976, unaoonyesha vitu vya kuhifadhi na vinavyohusiana, huo hata sio wa UML ila utauhitaji sana. Mchoro wa klasi ni wa kupanga kodi yenyewe.

Ila mimi nayoipenda kwelikweli ni miwili. Wa kwanza ni wa mfuatano: chukulia mtu ananunua tiketi kwenye apu, unachora apu, sava na mfumo wa malipo kila mmoja na mstari wake unaoshuka chini, muda nao unashuka hivyohivyo, alafu mishale ya ujumbe inapita katikati, sasa ukifika kwenye jibu la malipo unajiuliza, je likichelewa na mteja akabonyeza tena? Anakatwa mara mbili! Umeliona tatizo na bado hujaandika kodi hata mstari mmoja.

Wa pili ni wa hali: unachora hali ambazo kitu kinaweza kuwa nazo, na mishale ya kutoka moja kwenda nyingine. Tiketi imeshikwa, imelipwa, imefutwa, basi. Sasa pita kila hali uulize kinachoweza kuifikia. Tiketi imeshafutwa alafu malipo ndo yanaingia, mshale unaenda wapi? Kama hauna pa kuupeleka, hapo ndo pesa ya mtu itapotelea, kwahiyo rudi uongeze hali ya kurudishiwa.

Kwa kazi yako chora yuzi keisi moja, ER moja, na mfuatano wa ile sehemu inayokuogopesha zaidi. Tumia penseli, maana utafuta sana, na kodi ikibadilika rekebisha na mchoro siku hiyohiyo, mwenzako asije akaufuata wa zamani akapotea.