Sosi ya nyumbani inaachia maji, inachacha mapema na gesi inaisha, faida iko wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimeacha kununua sosi za chupa nianze kutengeneza mwenyewe ili nipunguze matumizi. Ya nyanya naichemsha karibu masaa mawili, inakuwa nzito ila ikishapoa inaachia maji juu, afu ikifika wiki hivi hata kama ipo kwenye friji inaanza kuchacha. Mayonezi nayo kuna siku inakatika yanabaki mafuta tu. Nikipiga hesabu na gesi sioni kama naokoa chochote. Jirani kaniambia nisage kitunguu saumu na pilipili, nimwagie mafuta juu niweke kabatini, itakaa miezi. Naomba ushauri.

JIBU: Salama kabisa, asante kwa swali. Naanza na hilo la jirani kwasababu ndio lenye hatari: usifanye. Kitunguu saumu kinatoka ardhini na kwenye udongo kuna bakteria wa botulizimu, mbegu zake zinastahimili hata maji ya kuchemka, na wakikua wanatoa sumu inayopooza mishipa ya fahamu. Hawa hawakui penye hewa, sasa wewe ukishamwaga mafuta juu umeifungia hewa nje, kitunguu saumu chenyewe hakina asidi ya kutosha kuwazuia, na kabatini kuna joto wanalolipenda. Kibaya zaidi sosi inaweza isinuke wala isibadilike rangi, kwahiyo kunusa na kuonja hakukusaidii kitu. Kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta kinakaa kwenye friji, kiishe ndani ya siku 4, kinachobaki kipeleke friza.

Tuje kwenye maji. Hapo tatizo haliko kwenye muda wa kuchemsha, liko mwanzoni kabisa kabla sufuria haijapata moto. Nyanya ina pektini, ndio inayoshika maji yake yasijitenge, na ina vimeng'enya, yaani chembechembe za asili zinazovunjavunja vitu, ambavyo vinaanza kuikata hiyo pektini pale tu unapoikata au kuisaga ikiwa mbichi. Ukisaga ndoo nzima kwenye blenda afu ukaiacha ikae wakati unamenya vitunguu, pektini inakatika taratibu na hata uchemshe mpaka jioni sosi itakuwa nzito kwa kupungua tu, ikitulia inaachia maji. Viwandani wanaotaka rojo nzito wanaipasha nyanya haraka ivuke nyuzi 85 hivi, vile vimeng'enya vife mapema. Nyumbani fanya hivi, bandika sufuria ipate moto kwanza, kata nyanya chache utumbukize zichemke, endelea kukata nyingine unaongeza kidogo kidogo bila kuzima mchemko, zikishalainika zote ndio usage na kuchuja. Utaona tofauti siku hiyohiyo.

Kama unaongeza konifulawa ili iwe nzito, weka mwishoni. Wanga ukipikwa muda mrefu kwenye kitu chenye asidi unakatika na sosi inarudi kuwa majimaji. Na usionje kwa kijiko afu ukakirudisha kwenye sufuria, mate yana kimeng'enya kinachokata wanga, wengine wanalaumu unga kumbe ni kijiko.

Sasa hesabu, na hapa nakuomba unisikilize vizuri maana ndio ulipoanzia. Wengi wanapima kilichoingia kwenye sufuria, wakati unatakiwa upime kilichotoka. Nyanya karibu asilimia 95 ni maji. Kilo moja ukiipunguza iwe nzito kama ya chupa unabaki na theluthi hivi, na ile theluthi mbili nyingine umelipia gesi kuigeuza mvuke. Masaa yako mawili yanaenda huko. Ukishachemsha na kuchuja, iache itulie kwenye chombo cha wazi nusu saa, kama kuna maji kidogo yamepanda juu yachote uyatumie kupikia mchuzi au wali, afu ndio urudishe rojo motoni, kwenye sufuria pana isiyofunikwa. Kila unachochota kinapunguza kazi ya moto bila kutupa kitu. Na nyanya zikiwa ghali sokoni sioni aibu kabisa kutumia nyanya ya kopo ile nzito, kiwanda kimeshaondoa maji kwa mashine ambazo kwa kiasi hicho cha moto huwezi kushindana nazo, wewe unachanganya na maji kiasi sawa na yenyewe, siki, sukari, chumvi, vitunguu vilivyosagwa na viungo, dakika 15 imeiva. Hiyo nayo ni sosi ya nyumbani.

Baada ya hapo gawanya gharama yote, gesi ikiwemo, kwa gramu ulizopata, linganisha na gramu zilizoandikwa kwenye chupa ya dukani, usilinganishe chupa kwa chupa. Halafu toa ile unayomwaga. Mtu anatengeneza lita tatu, anakula moja, mbili zinachacha, hapo hata kama viungo alipewa bure amekula hasara ya gesi.

Ndio maana kuchacha nakuhesabia kama gharama. Chupa ya dukani ina siki na sukari ya kutosha, imejazwa ikiwa ya moto kwenye mazingira safi, na nyingine zina sodiamu benzoeti, dawa ya kuzuia chakula kisiharibike, ambayo yenyewe inafanya kazi vizuri kwenye kitu chenye asidi. Mstari wa kukumbuka ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inaongezeka), chini ya hapo yule bakteria wa botulizimu hawezi kukua. Nyanya zinacheza kati ya 4.3 na 4.9 kutegemea aina na zilivyoiva, na vitunguu na pilipili hoho vinapandisha hiyo namba, kwahiyo nyanya peke yake usiitegemee. Kila nusu lita weka vijiko 2 vya chakula vya siki ya asilimia 5, ukiona imekuwa kali ongeza sukari, sukari inatuliza ladha bila kuondoa asidi. Magadi usiguse, kuna watu wanaweka ili kupunguza ukali na ndio wanaua ulinzi wenyewe. Hata ukishaweka siki, hiyo bado ni sosi ya friji, sio ya kabatini.

Pikia sufuria ya stenlesi au ya enameli, alumini ikikaa na asidi muda mrefu inaacha ladha ya chuma. Chupa ziwe ndogondogo za kioo, zichemshe dakika 10, jaza sosi ikiwa ya moto, na ikishapoa kidogo iende friji isikae mezani zaidi ya masaa mawili. Fungua moja kwa wakati, kijiko kikavu na safi. Hiyo kula wiki moja mpaka mbili. Nyingine gandisha kwenye trei ya barafu, vipande vikishakuwa vigumu hamishia kwenye mfuko, unatoa kwa kiasi unachotaka, miezi mitatu bado ina ladha nzuri. Yenye konifulawa ndio haipendi friza, ikiyeyuka inaachia maji. Ukiona ukungu usikwangue juu, mwaga yote.

Mayonezi inakatika kwasababu mafuta yameingia haraka kuliko kiini cha yai kinavyoweza kuyashika. Anza tone kwa tone, kiini kimoja na kijiko cha siki na haradali kidogo, ikishaanza kushika ndio uongeze mwendo, na usizidishe mafuta ml 200 kwa kiini. Ikikatika usimwage, chukua bakuli safi, weka kiini kingine au kijiko cha maji ya uvuguvugu, ingiza ile iliyokatika kidogo kidogo huku unapiga. Yai bichi lina hatari ya salmonela, kwahiyo kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee usiwape, na wengine imalizeni ndani ya siku 4 kwenye friji. Kwa gharama, mayonezi karibu yote ni mafuta, bei ya mafuta ikiwa juu ya dukani inaweza kukushinda kirahisi, tengeneza kidogo siku ya kuitumia.

Sosi ya soya nunua tu. Ile ya asili inachachushwa kwa miezi na hakuna njia ya mkato jikoni itakayokupa kitu kinachofanana nayo.