Kitengeneze kimoja usiku, kisha kifiche

Blue Peter, kipindi cha televisheni cha watoto cha BBC, kilianza Oktoba 1958, na watu wazima wa hapa Uingereza ukiwatajia jina hilo hutabasamu. Mtangazaji alikata kadibodi, akapaka gundi, halafu kabla gundi haijakauka akaibua kingine kilichokamilika: "Hiki nilikitengeneza mapema." Kipindi kilirushwa moja kwa moja, nani angesubiri gundi?

Mimi nimekulia Tanga, tukiunda magari ya maboksi yenye magurudumu ya ndala kuukuu. Kwa hiyo nilipoanza kuangalia vipande vya zamani vya kipindi hicho na binti yangu wa miaka saba, nilijiona fundi tayari. Ijumaa moja usiku nikaunda gereji kwa boksi la viatu, mlango unafunguka, rangi imetulia. Asubuhi nikaiweka mezani, tukaanza ya kwake. Baada ya muda akaitazama yangu, akaitazama yake iliyopinda, akaweka mkasi chini.

"Baba, malizia wewe."

Siku hizi bado natengeneza changu usiku, ila nakificha kabatini. Kinanionyesha mapema mahali mkono wa mtoto utakwama: kadibodi ipi ni nene mno kwa mkasi wake (hiyo naikata mwenyewe kwa kisu), na pembe ipi itaachia isipobanwa kwa vibanio vya nguo. Gundi nyeupe ndiyo inayowaponza wengi. Inaonekana imeshika, ukipaka rangi ya maji juu yake, boksi linaachana mikononi mwa mtoto, na kilio utakisikia. Sisi Jumamosi tunakata na kubandika, rangi ni Jumapili. Ule muda ambao televisheni iliuruka, tunakunywa chai na kubishana mlango uwe wa rangi gani.

Vifaa visikutoe nyumbani. Krismasi ya 1992 kisiwa cha kuchezea cha Thunderbirds, mchezo wa televisheni wa vikaragosi, kiliadimika madukani, na mwanzoni mwa 1993 Anthea Turner, mtangazaji wa Blue Peter, akawaonyesha watoto namna ya kukiunda kwa mabaki ya jikoni. Mimi nina kapu chini ya sinki: vikopo vya mtindi, maboksi ya nafaka, chupa za sabuni ya vyombo. Likijaa, tunaanza. Mke wangu ana maoni yake kuhusu kapu hilo.

Kitu kimoja sikukiiga: taji la Krismasi la Blue Peter, henga za waya zilizoviringishiwa mapambo, juu yake mishumaa minne ya kuwashwa. Kwenye sebule yetu yenye mapazia marefu na mtoto asiyekaa kitako? Nilinunua vitaa vya betri.

Gereji yangu iko juu ya kabati, inakula vumbi. Ile iliyopinda tuliimalizia wiki iliyofuata, na ndimo magari yake yanamolala. Mlango haufungi. Ameuegemeza kiberiti kitupu.