Bato ya usiku Goma–Bukavu: lala wapi ili usitapike

Anayekata tiketi ya bato (meli ya abiria) ya usiku kwenye Ziwa Kivu huuliza bei na klasi, basi. VIP iko juu, ina viti laini na televisheni, kwa hiyo mtu anaongeza pesa na kwenda kutapikia pazuri. Kwa tumbo, juu ndiko kubaya.

Bato huyumba kwa namna mbili. Kuna kulalia ubavu, mara kushoto mara kulia, na kuna kuinua pua na kuizamisha. Kulalia ubavu kunazidi kadiri unavyopanda ngazi: tazama mti kwenye upepo, kilele kinatembea mbali na shina halijui kitu. Kuinua pua ni kama ubao wanaopandishana watoto: wa mwishoni wanarushwa, aliyekaa katikati anatulia. Kwa hiyo chumba unachokitaka kiko katikati ya urefu wa bato, kwenye ghorofa ya chini ya abiria. Kikikosekana, sogea nyuma kidogo, usisogee mbele, maana pua ndiyo inayopigwa na mawimbi. Ila usifike nyuma kabisa. Huko kuna joto la mashine, mtetemo na harufu ya mazuti (dizeli), na harufu hiyo peke yake inatosha kukutapisha bato ikiwa bado imefungwa bandarini.

Kabla ya kulipa, simama uitazame bato kwa ubavu. Tafuta bomba la moshi. Kwa kawaida mashine haiko mbali na chini yake. Kisha pima kwa macho katikati ni wapi, uone dirisha gani liko hapo. Karani ukimuuliza chumba kizuri ni kipi atakuuzia cha bei kubwa. Muulize hivi: namba hii iko mbele ya ngazi au nyuma yake? Iko ghorofa gani? Inapakana na mashine? Vitanda vikiwa vya kupandana, chukua cha chini.

Hapo kuna jambo moja la kupima vizuri. Chini kunatulia, lakini chini pia ndiko kugumu kutoka bato ikipinduka. Tarehe 3 Oktoba 2024 bato iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa ufukweni wakiiona, nayo ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kwa hiyo chumba cha chini kiwe karibu na mlango au ngazi, na jile (koti la kuelea) uijue iko wapi kabla ya kuvua viatu. Ukikuta mizigo imezuia njia ya kutokea, panda juu ukatapike. Na bato ikionekana imelemewa, ngoja nyingine.

Majira nayo yana neno. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini unapiga ziwa kwa urefu wake, na mawimbi yanakua kadiri yanavyokaribia Goma. Pabaya mara nyingi ni pale pawazi kati ya Goma na kisiwa cha Idjwi. Upande wa Bukavu ziwa ni jembamba na vilima vinalikinga. Anayetoka Goma hukutana na mawimbi mapema, tena usoni, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu aimeze akiwa bado nchi kavu. Anayetoka Bukavu huyapata mwishoni, anapodhani amefika.

Kwenye kanoti (boti ndogo ya kasi) ya mchana hesabu ni nyingine: hakuna ghorofa, kuna mbele na nyuma tu. Mwendo ukikolea, pua inaruka na kujipiga majini, na benchi za mbele zinaumiza mgongo. Mjamzito asikae huko hata wakimwambia kuna nafasi. Kaa nyuma ya katikati, mbali kidogo na moshi wa mota, uso uelekee bato inakokwenda, macho yawe kwenye vilima vya Idjwi. Kilima hakitikisiki. Kichefuchefu hutokea sikio la ndani linapohisi mwendo na macho yanaona ukuta uliosimama, na simu ni ukuta mdogo unaoushika mkononi. Usiku hakuna kilima cha kutazama: lala chali, fumba macho, kichwa ukibane kati ya mto na begi kisitembee.

Tumbo tupu ni baya sawa na lililojaa sambaza za kukaanga. Saa moja au mbili kabla, kula ndizi au mkate mkavu, na tangawizi kwenye chai husaidia baadhi ya watu. Kwa mtu mzima, dawa ni dimenhidrinati miligramu 50, nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Ukingoja hadi uanze kutapika, kidonge nacho kitatoka. Inaleta usingizi, kwa hiyo hakuna bia juu yake. Mjamzito, mtoto na mwenye dawa nyingine waulize kwanza kwa mfamasia. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuka zaidi. Mtoto wa chini ya hapo mara nyingi analala tu.

Beba sashe (mifuko ya plastiki) mbili, uzipulizie hewa nyumbani kuona kama hazina tundu. Usiku usiende kuinama kwenye ukingo wa bato kutapikia ziwani. Tapikia kwenye sashe, ufunge, kisha unywe maji funda moja moja.