Gemu za CD zinagoma kwenye Windows 11: nianzie wapi?

Swali: Nimepata kompyuta mpya yenye Windows 11, nikadhani gemu zangu za CD za kati ya 1996 na 2005 zitateleza tu. Wapi! Moja haikubali hata kusakinishwa. Ya pili inasakinishwa vizuri, ila nikiifungua napata skrini nyeusi au rangi zilizovurugika, kisha inajifunga. Ya tatu inaniambia niweke CD wakati CD imo ndani. Ya nne inafunguka lakini inakwamakwama, na vitu vinaruka ovyo. Nimejaribu "Compatibility mode" zote, kuanzia Windows 95 hadi XP. Je, tatizo ni kadi ya video?

Jibu: Kadi yako haina kosa, na hata ukiweka yenye nguvu mara mbili hali itabaki hivyo hivyo. Ulichonacho ni magonjwa manne tofauti, kila moja na dawa yake.

Kwanza tuiweke kando hiyo "Compatibility mode". Kazi yake kubwa ni kuidanganya gemu kwamba iko kwenye Windows ya zamani, pamoja na marekebisho machache madogo. Inafaa pale gemu inapokagua toleo la Windows na kukataa kuendelea. Kitu kilichokwisha kuondolewa kwenye mfumo haiwezi kukirudisha. Kwa hiyo rudi kwenye kichupo cha Compatibility uondoe tiki zote ulizoweka, la sivyo hutajua kinachosaidia ni kipi na kinachoharibu ni kipi.

Isiyokubali kusakinishwa. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Kinachowachanganya wengi ni kwamba gemu ya 1997 inaweza kuwa ya biti 32 kamili, ila setup.exe yake (faili la kusakinishia) ni ya biti 16. Yaani nyumba ni nzima, mlango ndio mbovu. Pakua winevdm, programu inayoendesha programu za biti 16 ndani ya Windows ya biti 64, ifungue kwenye folda yake, kisha buruta setup.exe uidondoshe juu ya otvdmw.exe. Usakinishaji utaanza kama kawaida, na ukiisha gemu yenyewe haitaihitaji tena winevdm.

Kama gemu ni ya DOS (mfumo wa kabla ya Windows), usihangaike na Windows. Tumia DOSBox Staging, programu inayoigiza kompyuta ya DOS. Weka gemu kwenye C:\dos, kisha andika `mount c c:\dos`, halafu `c:`, ingia kwenye folda ya gemu na uite faili lake. Ikienda mbio kupita kiasi, punguza kwa Ctrl+F11. Ikizubaa, ongeza kwa Ctrl+F12. Gemu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hutulia karibu na mizunguko (cycles, kipimo cha kasi cha DOSBox) 3000 hadi 10000. Zile za 3D za mwishoni mwa enzi ya DOS zinataka zaidi ya hapo.

Na usisakinishe gemu ya zamani ndani ya Program Files. Gemu hizi huandika mafaili ya kuhifadhi mchezo (save) na mipangilio kwenye folda yao wenyewe, na Windows haiziruhusu kufanya hivyo hapo. Badala ya kukataa waziwazi, huyapeleka mafaili kimyakimya kwenye %LOCALAPPDATA%\VirtualStore. Unafika siku unahariri faili la mipangilio (.ini) na hakuna kinachobadilika, kumbe gemu inasoma nakala nyingine. Tengeneza C:\Gemu, uweke huko gemu zote za Windows.

Skrini nyeusi na rangi zilizovurugika. Hapa ndipo penye kazi. Gemu za miaka ya 1990 zilichora kwa DirectDraw (sehemu ya zamani ya DirectX, mfumo wa Windows wa kuchora picha za gemu), mara nyingi kwa rangi 256, zikibadilisha hali ya skrini nzima. Tangu Windows 8, hali hizo za biti 8 na 16 haziendeshwi moja kwa moja. Mfumo unaziigiza tu, na uigizaji huo unashindwa mara kwa mara. Dawa ni faili linalokaa katikati, likipokea amri za zamani na kuzigeuza kuwa Direct3D 11 au 12. La kuanzia ni dgVoodoo2:

1. Fungua zip yake, uingie folda ya MS, kisha x86. Usichukue x64 eti kwa sababu Windows yako ni ya biti 64. Kinachoangaliwa ni gemu, na gemu yako ni ya biti 32.
2. Kwa gemu za kabla ya 2001 hivi, nakili DDraw.dll na D3DImm.dll. Kwa inayotumia DirectX 8, nakili D3D8.dll. Kama gemu inataka Glide, mfumo wa kuchora wa kadi za zamani za 3dfx, faili lako limo kwenye folda ya 3Dfx.
3. Yabandike pale ilipo exe halisi ya gemu (faili linaloifungua). Gemu nyingine huificha ndani ya folda ndogo kama System au Bin. Ukiyabandika nje, hayatasomwa.
4. Nakili pia dgVoodooCpl.exe hapo hapo, ifungue, ubonyeze kitufe cha ".\" ili mipangilio ihifadhiwe kwenye folda hiyo.
5. Kwenye kichupo cha General, chagua "Stretched, Keep Aspect Ratio" ili picha ya 4:3 isivutwe kujaza skrini pana. Kwenye DirectX, acha VRAM (kumbukumbu ya kadi ya video) kwenye MB 256.

Hiyo MB 256 si ubahili. Gemu nyingi za zamani huhesabu kumbukumbu ya kadi kwa namba ya biti 32 inayoweza kuwa chanya au hasi. Ikizidi GB 2, hesabu inageuka kuwa hasi au sifuri. Ndiyo maana kadi kubwa inaambiwa haina kumbukumbu ya kutosha.

Usiizime ile nembo ya dgVoodoo inayotokea kwenye kona ya skrini, angalau kwa mara ya kwanza. Ndiyo ushahidi wako. Ukiiona, faili limesomwa. Sasa chezea mipangilio. Usipoiona, hata ubadilishe nini kwenye paneli ni bure: rudi hatua ya 2 na 3. Ukishahakikisha, ondoa tiki ya "dgVoodoo Watermark". Kwa gemu za 2D tupu, hasa za mikakati, mimi ningeanza na cnc-ddraw, faili jingine la aina hiyo hiyo; ni nyepesi, na haina mipangilio mingi ya kukupotezea muda.

Ujumbe kwamba d3dx9_43.dll, au ndugu zake, haipo ni jambo jingine kabisa. Sakinisha kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 kutoka tovuti ya Microsoft. Hakigusi DirectX 12 yako. Usipakue dll mojamoja kwenye tovuti za ovyo. Na Windows ikitaka DirectPlay (kipengele cha zamani cha kucheza kwa mtandao), bonyeza Win+R, andika `optionalfeatures`, fungua "Legacy Components", uweke tiki.

Inayodai CD iliyo ndani. Hiyo yaelekea ina SafeDisc au SecuROM ya zamani, yaani kinga dhidi ya kunakili CD. SafeDisc ilitegemea draiva ya secdrv.sys, ambayo Windows 10 ya 2015 haikuja nayo, na Septemba mwaka huo Microsoft ikaizima hata kwenye Vista, 7 na 8 kwa sababu ya mwanya wa kiusalama. Usijaribu kuirudisha. Tafuta kiraka rasmi cha mwisho cha gemu, maana baadhi ya watengenezaji waliondoa ukaguzi wa CD humo, au toleo linalouzwa upya bila kinga, kwa mfano kwenye duka la mtandaoni la GOG.

Inayokwamakwama. Vitu kuruka ovyo ni dalili kwamba fizikia ya gemu imefungwa kwenye idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Hata Skyrim ya 2011 huanza kurusha vyombo mezani ukipita fremu 60 kwa sekunde. Fungua RivaTuner Statistics Server, programu ya kuweka kikomo cha fremu, ongeza exe ya gemu, weka "Framerate limit" kuwa 60. Vituko vikiendelea, shuka hadi 30. Kwenye GTA San Andreas, acha "Frame Limiter" ya gemu yenyewe ikiwa imewashwa. Ukiizima, hata kuogelea kunakuwa taabu.

San Andreas ina kisa kingine. Toleo la 24H2 la Windows 11 lilipotoka, ndege ya Skimmer ilitoweka kwenye gemu, na lawama zikaenda kwa Microsoft. Kumbe mstari wa Skimmer kwenye vehicles.ide (faili la gemu linaloorodhesha vyombo vyake) ulikosa namba za ukubwa wa magurudumu tangu mwanzo. Gemu ilikuwa ikiokota chochote kilichobaki kwenye kumbukumbu, na kwa bahati kikawa kinafaa, hadi Windows mpya ilipobadilisha kilichobaki pale. SilentPatch, kiraka kisicho rasmi, inarekebisha hilo.

Ikiwa fremu zimetulia lakini bado inashtuka, angalia vitu viwili. Kipanya cha kisasa cha gemu hutuma taarifa mara 1000 kwa sekunde, na gemu iliyoandikwa kwa mara 125 inalemewa kila ukikisogeza. Ishushe iwe 125 au 250 kwenye programu ya kipanya. Cha pili ni kori za prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Gemu za kabla ya 2005 hivi zilidhani kori ni moja, na saa zao huchanganyikiwa zikirushwa kutoka kori hadi kori. Tengeneza faili la .bat kwenye folda ya gemu lenye mstari huu, ukiweka jina la exe yako:

`start "" /affinity 1 gemu.exe`

Namba 1 ni kori ya kwanza peke yake. Gemu ikipata nguvu kidogo mno, jaribu 3, yaani kori mbili za mwanzo.